Bendi iliyopiga kopi za watu, kisha ikajikopi yenyewe (Yo La Tengo)

BesiLaPembeni (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nimepiga besi kwenye bendi za hoteli hapa Dar miaka kumi na moja, kwa hiyo kwenye suala la kopi naomba nipewe kiti. Kwa wasioijua lugha yetu, kopi ni wimbo wa mtu mwingine unaoupiga kwa sababu mgeni wa meza namba sita anautaka na bosi anamtaka huyo mgeni. Ukifanya kazi hiyo muda mrefu unaanza kuzichukia nyimbo ambazo hazijakukosea chochote.

Kilichonileta ni albamu inaitwa Stuff Like That There, ilitoka Agosti 2015. Wenyewe ni Yo La Tengo, Wamarekani watatu: Ira Kaplan gitaa, mkewe Georgia Hubley drams, James McNew besi. Wote wanaimba. Bendi ipo tangu 1984 na kwao ni Hoboken, New Jersey, kamji kadogo ukivuka tu mto Hudson kutoka New York. Si watu wa kujaza viwanja vya mpira. Ni watu ambao wanamuziki wenzao wanawaheshimu, basi.

Albamu ina nyimbo 14. Tisa za watu. Tatu ni zao wenyewe za zamani, wamezirekodi upya. Mpya ni mbili tu. Nilipoona hesabu hiyo nikasema hawa wameishiwa, wanatafuta hela ya kodi ya nyumba. Nikaendelea kusikiliza kwa sababu nilikuwa kwenye foleni ya Mwenge na sikuwa na kazi nyingine.

Wimbo wa sita ukanikamata. Friday I'm in Love, wa The Cure, bendi ya Uingereza, uliotoka 1992. Sisi huo tuliupiga kila Ijumaa, maana Ijumaa lazima kuna mzungu atakayeuomba. Kodi zake mtoto anaweza: D, G, D, A, kisha Bm, G, D, A. Lakini siku tunaunyaka kwenye kaseti, mpiga solo wetu alikata nyuzi mbili akihangaika kutyuni, na kila akipiga anasikia gitaa liko nje. Tukamlaumu yeye, tukalaumu gitaa, tukalaumu kaseti. Baadaye sana nikaja kujua kwamba rekodi yenyewe ndiyo iko juu kama robo toni, kwa sababu studio walichezea kasi ya mashine ya tepu wakasahau kuirudisha. Kaka yule hakuwa na kosa lolote na tulimtania mwaka mzima.

Sasa Yo La Tengo wanaupigaje? Taratibu. Gitaa la kawaida lisilo na umeme, besi lile kubwa la kusimama, drams za kupapaswa kwa fagio za waya. Georgia anaimba kwa sauti ya chini, kama mtu anayejiimbia huku anachambua mchele. Hakuna shangwe. Maneno yaleyale ya furaha ya Ijumaa, lakini ghafla unasikia kwamba mwimbaji amezipitia Jumatatu nyingi sana kabla ya kufika hapo. Miaka kumi na moja naupiga na sikuwahi kulisikia hilo.

Karibuni tujadili. Kopi ni uvivu au ni kazi?

Kikotoo

Mkuu umeandika vizuri ila mimi nakataa. Nyimbo mpya mbili kati ya 14? Huyo ni mpishi anayekukaribisha kwake kisha anaagiza chipsi kwa jirani. Msanii atunge. Kama hana cha kutunga apumzike, tutamwelewa.

Mzee_wa_Kaseti

Kikotoo, kwani mwimbaji lazima awe mtunzi? Tena hawa hawakuishiwa. Walifanya jambo hilihili 1990, wakati bado wachanga kabisa, kwenye albamu inaitwa Fakebook. Nyingi zilikuwa za watu, wakachanganya na chache zao. Stuff Like That There ni ndugu mdogo wa ile, wamepishana miaka 25. Fundi wa kurekodi ni yuleyule, Gene Holder. Hata mpiga gitaa Dave Schramm, aliyekuwa nao mwanzoni kabisa kisha akatoka, alirudi kupiga kwenye ile ya 1990 na akarudi tena kwenye hii. Mtu aliyeishiwa hasubiri robo karne kurudia.

Chaurembo

Fakebook au Facebook? 😂

BesiLaPembeni

Fakebook, mdogo wangu. Facebook ilikuwa haijazaliwa. Na hilo jina ndilo lililonifurahisha kuliko yote. Wenzetu wanamuziki wa jazi na wa mahotelini huita hivyo lile daftari lenye maneno, melodia na kodi za nyimbo kibao, ili mgeni akiomba wimbo usioujua vizuri ufungue ukurasa uigize kama unaujua.

Sisi tulikuwa nalo. Kaunta buku kubwa lenye jalada jekundu, limefungwa gundi ya karatasi mgongoni. Maneno ya Kiingereza tuliyaandika kama tulivyoyasikia, kwa herufi za Kiswahili, kodi juu yake kwa kalamu nyekundu. Kuna ukurasa wa Jim Reeves uliomwagikiwa soda ya chungwa, ukiufungua lazima uubandue polepole. Mwimbaji wetu alikuwa anaimba ubeti mzima asiojua neno hata moja na watu wanalia mezani.

Kwa hiyo bendi inayoita albamu yake kwa jina la lile daftari, mimi inanipata moja kwa moja. Wanasema wazi: hizi hapa ndizo nyimbo zetu za kuigiza.

WaNakuru

Niaje wadau. Mimi niko Kenya na nimefuata huu uzi kwa sababu ya Hank Williams. Wimbo wa tatu kwenye hiyo albamu ni I'm So Lonesome I Could Cry, wake wa 1949. Huku kwetu bonde la ufa kantri si mchezo, ukiingia matatu ya asubuhi unapatana na Kenny Rogers, ukienda harusi unampata Dolly Parton. Babangu alikuwa akinyoa ndevu na redio ya kantri, hadi tulijua siku amekasirika kwa wimbo anaouacha bila kuimba.

Nimesikiliza yao. Kusema ukweli hawakuubadilisha sana, na nafikiri walifanya vizuri. Wimbo wa upweke ukiuongezea vyombo unaukosea heshima. Lakini babangu angeuliza hii bendi ni ya kanisa gani, mbona wanaimba kama mtoto amelala.

BesiLaPembeni

Hahaha, kama mtoto amelala! Ndivyo ilivyo. Na hapo nikusimulie kisa changu, maana ndicho kilichonifanya nifungue huu uzi.

Usiku mmoja hotelini (jina naliacha) meneja alikuja kabla hatujaanza akasema ghorofa ya pili kuna mkutano, marufuku drams kupigwa. Mpiga drams wetu akauliza, sasa mimi nimekuja kufanya nini? Fagio zile za waya za kupapasa hakuwa nazo, na madukani hapa mjini zilikuwa adimu na bei yake ni ya kukimbia. Akaingia jikoni. Akatoka na chelewa za ufagio, akachambua thelathini hivi kila mkono, akazikata sawa kwa kisu cha mboga, akafunga kitakoni kwa mpira wa tairi la ndani la baiskeli. Akaanza kupapasa ile ngoma ndogo. Shhh-ta, shhh-ta.

Wakuu, tulipiga nyimbo zilezile za kila siku, lakini kwa mara ya kwanza tulisikia maneno. Mimi nilikuwa nasikia vidole vyangu vikigusa uzi kabla noti haijatoka. Mwimbaji ikabidi aimbe kweli, maana hakuna pa kujifichia. Kosa lolote linasikika hadi baa. Tulikosea sana usiku ule na ndio usiku niliopata bakshishi kubwa kuliko wowote.

Kesho yake meneja akasema mkutano umeisha, rudini kama kawaida. Tukarudi kama kawaida.

BiSalma_77

Naomba niingie, mimi ni mtu wa taarabu na ninyi wa gitaa mnazungumza kama jambo hili limegunduliwa Hoboken. Sisi Pwani wimbo haukuwa na mwimbaji mmoja. Siti binti Saad alikwenda Bombay 1928 akarekodi santuri, nyimbo zikarudi Zanzibar na kila aliyeweza akaziimba. Bi Kidude alimfuata Siti tangu binti, akajifunza kwake, na Muhogo wa Jang'ombe akauimba mpaka vijana wakadhani ni wake. Hakuna aliyemwambia umeishiwa mama. Watu waliuliza kitu kimoja: kautia nini?

Siti tuliyenaye kwenye santuri ana sauti nyembamba iliyokaza. Bi Kidude akaja na sauti nzito, ya moshi. Maneno yaleyale, mwanamke mwingine. Kikotoo mwanangu, hiyo si chipsi ya jirani.

Kikotoo

Shikamoo bi mkubwa. Kwa Bi Kidude sina ubishi, naogopa laana. Lakini hapo kuna suala la haki. Malaika je? Fadhili William aliurekodi Kenya mwanzoni mwa miaka ya sitini, Miriam Makeba akauzungusha dunia, Boney M wakaupiga, Angélique Kidjo akaupiga, na hadi leo watu wanabishana nani aliutunga, maana wapo wanaosema ni wa Adam Salim, Mtanzania. Wote wameimba vizuri. Hela ilikwenda wapi? Ndiyo maana nikisikia mtu ametoa albamu ya nyimbo za watu damu inachemka.

Kifungu_cha_Tatu

Kikotoo umegusa penyewe, ngoja nisaidie kidogo upande wa sheria ya huko kwao, maana watu wengi hudhani kopi ni bure.

Marekani tangu sheria ya 1909 kuna utaratibu huu: wimbo ukishatoka kihalali mara ya kwanza, mtu yeyote anaweza kurekodi toleo lake bila kumbembeleza mwenyewe, mradi atoe taarifa na alipe kiwango kilichowekwa kwa kila nakala. Kilianza senti 2 za dola na kikakaa hapohapo hadi 1977, karibu miaka sabini, watunzi walilia sana. Mwaka 2015 albamu hii ilipotoka kilikuwa senti 9.1 kwa wimbo usiozidi dakika tano. Mwaka 2023 kilikuwa senti 12.

Kwa kiwango cha 2015, nyimbo tisa za watu ni kama senti 82 kwa kila nakala inayouzwa. Zinakwenda kwa mtunzi na mchapishaji wake. Aliyeuimba kwanza, kama hakuutunga, hapati kitu hapo. Na kuna sharti ambalo mleta uzi atalipenda: unaruhusiwa kuupanga wimbo kwa mtindo wako, lakini usibadilishe melodia yake ya msingi wala tabia yake. Kuupunguza kasi na sauti ruksa.

Matatizo ya Malaika ni mengine. Pale swali lilianzia kwa nani aliandikwa kuwa mwenye wimbo. Utaratibu ukiwa mzuri namna gani, jina likiwa la mtu mwingine kwenye karatasi, hela itamfuata huyo mtu mwingine.

Mzee_wa_Kaseti

Naongezea hapo kwa Kifungu. Tazameni hao tisa ni kina nani. Ukiondoa The Cure, Hank Williams na labda The Lovin' Spoonful, waliobaki wengi hata Marekani kwenyewe hawajulikani. Kuna Antietam, rafiki zao wa siku nyingi. Kuna Special Pillow, bendi ya Hoboken hukohuko. Kuna Great Plains wa Ohio. Hawa hakuna atakayewakopi ili atajirike. Ni kama bendi kubwa ya hapa iende ikarekodi wimbo wa kikundi cha Tandika kilichokufa 1988 na kuuza kaseti arobaini. Hela ni ndogo lakini inafika mahali ambapo haijawahi kufika.

Halafu kuna ule I Can Feel the Ice Melting. Wenyewe ni The Parliaments, 1967, ulikuwa upande wa pili wa sahani, ule upande ambao madijei hawaugeuzi. Kiongozi wao George Clinton alikuwa kinyozi Plainfield, New Jersey, kikundi kilikuwa kinafanya mazoezi ya kuitikia palepale saluni. Miaka kumi baadaye ndiye yule wa bendi za fanki Parliament na Funkadelic, mwenye chombo cha anga jukwaani. Yo La Tengo wamekwenda kuchukua wimbo wa kinyozi kabla hajawa George Clinton.

Chaurembo

Kwa hiyo ni albamu ya majirani na vinyozi. Nimeipenda bila kuisikia. Na jina la bendi maana yake nini, ni Kihispania?

MtuWaJerseyCity

Hilo nijibu mimi niliyeko huku, nimeendesha teksi maeneo haya miaka tisa. Yo la tengo ni "ninao", yaani mpira ninao mimi. Inatoka kwenye besiboli. Mwaka 1962 timu ya Mets ya New York ilikuwa mbovu kupindukia. Mchezaji wa kati, Richie Ashburn, kila mpira wa juu ukija anagongana na Elio Chacón, Mvenezuela asiyejua Kiingereza. Ashburn akafundishwa aseme yo la tengo. Siku ikafika, mpira ukaja, akapaza sauti yo la tengo, Chacón akasimama vizuri kabisa. Ashburn akagongwa na mchezaji wa upande wa kushoto, Frank Thomas, ambaye Kihispania hakijui.

Na kama mnazungumzia kopi, mmesahau kubwa kuliko zote. Hapa Jersey City kuna redio inaitwa WFMU. Haina tangazo hata moja, inaishi kwa michango ya wasikilizaji. Kila mwaka wana siku za harambee, na kuanzia 1996 Yo La Tengo walikuwa wanaingia studio: unapiga simu, unachangia, unataja wimbo wowote duniani, wao wanaupiga hapohapo bila mazoezi. Nyimbo wasizozijua. Wanasahau ubeti, wanacheka, Ira anaimba maneno ya kubuni. Mwaka 2006 wakatoa diski ya hizo ajali, jina lake ukilitafsiri ni Yo La Tengo wanaziua zilipendwa.

Redio hiyohiyo 1990 ndiko kulikotokea kisa cha Daniel Johnston. Yule bwana alikuwa mtunzi wa ajabu, anarekodi nyumbani kwenye kaseti, afya ya akili ikimsumbua sana. Yo La Tengo wakiwa studio, yeye akapiga simu, na akaimba wimbo wake wa pikipiki kwa simu huku bendi ikimpigia upande wa pili wa waya. Sauti inakatika, yupo nje ya mapigo, wao wanamfuata. Wimbo huohuo wao waliurekodi kwenye Fakebook. Nikiwa na abiria wa usiku nikaweka ile ya simu, hushuka kimya wote.

BesiLaPembeni

Kaka wa Jersey, umemaliza kila kitu. Hiyo ya simu nimeitafuta sasa hivi. Kuna mahali mwimbaji anatangulia na bendi inamsubiri kama mnavyomsubiri mzee kuvuka barabara. Sisi tungemwambia afuate mapigo.

Kikotoo

Haya, nimesikiliza yote jana usiku. Nakubali Georgia ana kitu. Nakubali wimbo wa kinyozi. Wa mwisho, ule wa Sun Ra, mwanamuziki wa jazi, nao mzuri (mwenye kudai anatoka sayari ya Zohali anaandika wimbo mtamu wa mapenzi namna ile, ajabu). Lakini hizi tatu zao wenyewe walizojikopi sizielewi. Deeper into Movies ya 1997 ilikuwa ukuta wa gitaa, unasikia mpaka kwenye meno. Wameishusha ikawa uji. Hapo ni uvivu na sitabadilisha kauli.

BesiLaPembeni

Hapo nakuunga mkono nusu. Hata mimi ile naona imepoteza. Kuna wimbo ambao kelele ndiyo wimbo wenyewe, ukiitoa unabaki na mkeka bila chumba. The Ballad of Red Buckets lakini irudie kwa spika nzuri, usitumie ya simu. Besi la McNew pale linatembea noti chache tu, na ukimya kati ya noti na noti anauacha makusudi. Mimi ningejaza. Nimelipwa miaka kumi na moja kujaza.

Chaurembo

Mkuu, lile kaunta buku bado unalo?

BesiLaPembeni

Lipo juu ya kabati kwa dada yangu Mbagala. Jumapili nililishusha. Mchwa wamekula kuanzia herufi M kwenda mbele, The Cure wamesalimika. Nimekuta pembeni ya ule ukurasa mpiga solo aliandika kwa penseli: "gitaa langu zima jamani."

BiSalma_77

Na zile fagio za chelewa? Hizo ndizo ningetaka kuziona.

BesiLaPembeni

Zilirudi jikoni usiku uleule bi mkubwa. Mama wa jikoni alikuwa amesimama pembeni ya jukwaa tangu wimbo wa tatu, anausubiri ufagio wake.